Nahodha Amina na lulu ya Saba: mapitio ya The Adventures of Amina al-Sirafi

Riwaya nyingi za kihistoria zenye uchawi huharibikia mahali pamoja. Mwandishi anahangaika kueleza njia za misafara, ushuru na njaa ya majeshi, kisha anatokea mchawi na kuyafuta yote kwa neno moja. Msomaji anabaki kujiuliza kwa nini basi watu walikuwa wakihangaika na misafara. Riwaya hii ya Shannon Chakraborty, iliyotoka mwaka 2023, imelikwepa kosa hilo, na ndiyo sababu kubwa ya kuipendekeza.

Tuko karne ya 12. Amina, haramia mstaafu, anaishi kwa kujificha kusini mwa Arabuni pamoja na mama yake na binti yake Marjana. Bibi tajiri, Salima, anamfuata: mjukuu wake Dunya yuko mikononi mwa Mfaranji, yaani Mzungu wa Ulaya, aitwaye Falco, mpiganaji wa zamani wa vita vya msalaba. Amina akimrudisha binti huyo atalipwa dinari milioni moja. (Dinari ya kisheria ina gramu 4.25 za dhahabu, kwa hiyo hizo ni zaidi ya tani nne. Hapo chumvi imezidi.)

Uchawi wa riwaya hii hautoki hewani. Kinachowindwa ni Mwezi wa Saba (Saba hapa ni nchi ya Malkia Bilkisi, si hesabu), lulu inayosemekana kumfunga Dabarani, aliyempenda malkia huyo. Dabarani ni manzili ya nne katika zile manzili 28, yaani vituo vya mwezi angani, na anayejua hata kidogo falaki, elimu ya nyota, ya pwani yetu atalitambua jina hilo mara moja. Watu wa karne hiyo waliandika talasimu, maandishi ya hirizi, kwa kufuata manzili hizo. Mwandishi ameichukua imani yao kama walivyoishika wao, akaipa meno. Naye Raksh, mume wa Amina asiye binadamu, msomaji aliyekulia kwenye hadithi za jini mahaba hahitaji kuelezwa hatari yake: mkataba ukishafungwa, kuufungua ni kazi nyingine. Kila nguvu humu ina deni lake, na hakuna nguvu inayoifanya bahari iwe fupi.

Bahari yenyewe ndiyo inayomfaa zaidi msomaji wa Kiswahili. Cheo cha Amina katika Kiingereza cha kitabu kimeachwa kama kilivyo, nakhudha, yaani nahodha wetu. Kabla ya kuanza kusoma, kumbuka pepo mbili: kaskazi, ya Desemba hadi Machi, na kusi inayoifuata. Kusi inapokolea, kuanzia Juni hadi Agosti, bahari ya kisiwa cha Sokotra huwa mbaya mno kwa jahazi. Ukiyashika hayo, utaelewa kwa nini mabaharia wa zama hizo walihesabu siku kuliko walivyohesabu maadui. Weka pia alama kwenye ramani ya mwanzo wa kitabu: Aden, Mogadishu, Sokotra. Humo ndimo safari inamopita.

Mogadishu, anakoishi Majed mchora ramani, inapita haraka mno. Hiyo ni hasara. Pwani ya wakati huo ilikuwa na mengi: msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Mwandishi angeweza kukaa huko sura mbili zaidi na hadithi ingenenepa.

Wanaokiacha kitabu njiani huchoka mapema, katika sura za kuwakusanya mabaharia wa zamani: Dalila fundi wa sumu, Tinbu aliyeko matatani Aden, kisha Majed. Mambo ya ajabu yanachelewa kushika kasi. Usiziruke sura hizo, maana uamuzi wa kila mmoja huko Sokotra unategemea alichoacha nyumbani. Usiviruke pia vipande vifupi vilivyopachikwa katikati ya sura, vya hekaya na masimulizi ya watu wengine. Vinaonekana kama mapambo, kumbe ndivyo vinavyobeba habari za lulu.

Mazungumzo nayo yana lugha ya leo. Amina anatania kama mtu wa mjini wa sasa, na anayetaka lafudhi ya kale atakereka. Mimi naona yanafaa, kwa kuwa anamsimulia Jamal, karani anayeiandika hadithi yake, ambaye humkatiza katikati ya maneno. Barazani ndivyo hadithi zinavyokwenda. Falco ndiye dhaifu: anahubiri nia zake badala ya kuzitenda.

Kitabu kina karibu kurasa 500, na Kiingereza chake ni chepesi isipokuwa majina ya vyombo na vyeo. Mwishoni mwandishi anaeleza historia aliyoitegemea. Kurasa hizo zisome baada ya hadithi kwisha, kisha rudi kwenye sura za Aden.