Kompyuta Zilizokataliwa na Windows 11: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Ndiyo maana mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zinauzwa kwa bei ya kutupa, ingawa nyingi hazina ugonjwa wowote. Anayetaka kuweka Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, amepata msimu wake. Ila mimi siangalii kizazi peke yake. Swali langu kwa kila mashine ni moja: nikiigeuza na kutoa skrubu za chini, nitakuta nini ninachoweza kubadilisha mwenyewe?

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza ni ya mashine za ofisini: ThinkPad T470, Dell Latitude 5480, HP EliteBook 840 G3. Zina nafasi mbili za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), diski inatoka, na Wi-Fi zake mara nyingi ni za Intel, ambazo Linux inazitambua papo hapo. Nikilazimishwa kuchagua moja nachukua T470, kwa sababu ya kibodi yake na kwa sababu ina betri mbili: moja imo ndani, nyingine unaichomoa kwa nyuma na kuchomeka yenye chaji bila kuzima mashine. Angalia herufi vizuri lakini. T470s sehemu ya RAM yake imechomelewa kwenye bodi, na X1 Carbon imechomelewa yote. Ukiinunua ikiwa na GB 8, utazeeka nayo na GB 8.

Ya pili ni vikompyuta vidogo vya mezani, OptiPlex Micro na ThinkCentre Tiny, kama tayari una kioo na kibodi. Hakuna betri iliyochoka wala bawaba iliyolegea. Hakikisha tu unapewa na chaja yake.

Ya tatu ni Mac za Apple zenye prosesa ya Intel, na hapa mwaka ndio kila kitu. MacBook Pro ya inchi 13 ya 2012, ile isiyo na kioo cha Retina, inafunguka kama sanduku: RAM inapanda hadi GB 16 na diski ni ya kawaida ya inchi 2.5. MacBook Air za 2013 hadi 2017 ni nyepesi na nzuri, ila RAM haiongezeki, kwa hiyo usichukue ya GB 4. Wi-Fi yake ni ya Broadcom na mara nyingi haiamki mpaka uweke draiva, yaani programu ya kuiendesha. Unganisha simu kwa waya ikupe intaneti ya kuipakua. MacBook Air na Pro kuanzia 2018 zina chipu ya usalama ya Apple iitwayo T2, na Linux ya kawaida haizioni hata kibodi na tachipadi zake. Zipite.

Chromebook, laptopu za mfumo wa Google, naiweka ya nne, kwa mwenye kupenda kuhangaika tu. Lazima uondoe kinga ya kuandika, ubadilishe programu ya kuwashia, na baada ya jasho lote hilo mara nyingi unabaki na hifadhi ndogo iliyochomelewa.

Ambazo sipokei hata kwa zawadi ni zile za Atom, prosesa dhaifu ya Intel, zenye RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 32. Na zenye prosesa ya zamani ya biti 32 zimefika mwisho: hata Debian, aina ya Linux iliyozivumilia miaka yote, imeacha kuzisakinishia kuanzia toleo la 13 la Agosti 2025.

Sasa kabla hujatoa pesa. Nenda na fleshi yenye Linux Mint, aina ya Linux iliyo rahisi kuanza nayo. Kwanza ingia BIOS, programu ya mipangilio inayoamka kabla ya mfumo, kwa kubonyeza kitufe mara unapowasha: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Niliwahi kununua mashine yenye kioo kama kipya, nikafika nyumbani BIOS ikadai nywila, na kuwasha kwa fleshi kulikuwa kumefungwa. Muuzaji akaniambia naye aliinunua hivyo hivyo. Niliishia kuuza kioo na betri. Siku hizi BIOS ndiyo ninayoanza nayo, hata kabla ya kuuliza bei.

Ikifunguka, washa Mint kutoka kwenye fleshi bila kusakinisha. Bonyeza kila herufi, cheza sauti, unga Wi-Fi, funika kioo kisha ufungue uone kama inaamka. Halafu fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, uandike upower -d. Linganisha energy-full (chaji ambayo betri inashika sasa) na energy-full-design (iliyoshika ikiwa mpya): ya kwanza ikiwa nusu ya ya pili, betri imebaki nusu, na hayo ni maneno ya kupunguzia bei.

RAM ya GB 4 inaendesha Mint ya Xfce, toleo lake jepesi, bila shida. Kivinjari ndicho kinachoimaliza. Lenga GB 8. Asiyetoka nje ya kivinjari anaweza kuweka ChromeOS Flex, mfumo wa Google unaotegemea kivinjari, ila asitarajie programu za Android. Na mashine ikiwa bado na diski ya kuzunguka, usiikatae: toa gharama ya SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kwenye bei unayotaja, kisha uibadilishe siku hiyo hiyo.