Dodoso la Rosenberg bwenini: rahisi kutumia, rahisi zaidi kukosea

Kwa mwalimu wa malezi mwenye bweni la kidato cha kwanza Rungwe au Makete, hakuna kipimo cha kujithamini kilicho nafuu kama hiki. Morris Rosenberg wa Marekani alikitoa mwaka 1965: sentensi 10, kila moja na majibu manne, kuanzia 1 (sikubali kabisa) hadi 4 (nakubali kabisa). Kopi ya karatasi moja, dakika chache, basi.

Wengi huharibu kwenye kujumlisha. Sentensi za 2, 5, 6, 8 na 9 zimeandikwa kwa kujishusha, hivyo alama zake hugeuzwa: kwenye 5 unatoa namba ya jibu, aliyeweka 4 apate 1. Usipogeuza, aliyejaza 4 kote bila kusoma anapata 40 na unamwona shujaa. Ukigeuza anapata 25. Karatasi ya jibu moja toka juu hadi chini mrudishie mwenyewe, usiihesabu.

Sentensi ya 8, inayohusu kutamani kujiheshimu zaidi, ndiyo dhaifu kuliko zote. Mtoto mwenye adabu huikubali kwa nia ya kujirekebisha, halafu anapoteza alama. Za kukanusha nazo zisome kwa sauti, polepole, maana kukataa sentensi yenye "sina" huwachanganya hata watu wazima.

Upungufu mkubwa ni kwamba halisemi sababu. Wawili wakipata alama ya chini, tuseme 17, mmoja huenda ametengwa bwaloni, mwingine ni wa wasiwasi kwa hulka, na utani mdogo anauhesabu kuwa amekataliwa. Dawa zao hazifanani: wa kwanza abadilishiwe mazingira, wa pili afundishwe kupima anachokisikia. (Mkimya si lazima awe anajidharau, wapo wakimya wanaojikubali vizuri tu.) Ambatisha maswali mawili: unakula na nani, na ukiugua usiku utamwamsha nani? Kamwe usiulize "nani humpendi", utakuwa umeanzisha utengano mwenyewe.

Kiranja asikusanye karatasi, na madawati yaachane. Wiki za kwanza za Januari ziache zipite, kila mtu ana ukiwa wa nyumbani. Majaribio ya mwanasaikolojia Kip Williams ya mchezo wa kurushiana mpira yalionyesha kuwa kunyimwa pasi kwa dakika chache tu hushusha kujithamini kwa muda, kwa hiyo aliyegombezwa paredi asubuhi asipimwe siku hiyo. Wala usiweke alama ya kufaulu; linganisha mtoto na karatasi yake ya muhula uliopita.