Kiamunyi, Nakuru: tathmini ya mtaa kwa familia inayotafuta nyumba ya kununua

Tulinunua nyumba yetu Kiamunyi, kaskazini-magharibi mwa jiji la Nakuru, baada ya kuzunguka mitaa mitano kwa miezi saba, na kufikia sasa tumeishi humu misimu miwili ya mvua ndefu. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya familia iliyo katika hali tuliyokuwa nayo: akiba ya wastani, mkopo wa chama cha akiba, watoto wawili wadogo, na uchovu wa miaka mingi ya kulipa kodi ya nyumba. Mtaa huu ninaupendekeza, lakini ninampendekezea mtu ambaye, kabla ya kuulizia bei, ameuliza maji ya kunywa yatatoka wapi na ardhi iliyo chini ya msingi ni ya namna gani. Katika Nakuru maswali hayo mawili yana uzito kuliko jina la mtaa, na ninasikitika kwamba ni watu wachache sana wanaoyauliza.

Tulianzia Milimani. Mtaa huo uko kwenye miteremko ya Menengai, hewa yake ni safi, viwanja ni vipana na nyumba nyingi za zamani bado zina bustani na miti mikubwa. Bei ilitutoa mapema, kwa hiyo sina mengi ya kusema, ila kwamba nyumba mbili tulizoonyeshwa zilikuwa na hati ya ukodishaji na si ya umiliki wa kudumu. Anayeweza kumudu Milimani asome mwenyewe miaka iliyobaki katika hati hiyo, kwa sababu dalali wetu hakuitaja hadi tulipomuuliza mara ya tatu.

Kisha tulivutwa na bei za upande wa kusini, kuelekea ziwa. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka kupeleka maji kwingine; kinachoingia hubaki humo hadi kikauke kwa jua, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji yamepanda hata lango kuu la zamani la mbuga likafunikwa. Katika eneo la Mwariki kuna familia zilizolazimika kuhama nyumba ambazo zilikuwa na hati halali, wenyewe wakiwa wamezijenga kwa jasho lao. Tulisimama siku moja mbele ya nyumba ambayo maji yalikuwa yamefika kwenye madirisha, na mume wangu, ambaye hadi siku hiyo alikuwa akiutetea upande huo kwa sababu ya bei, hakuutaja tena. Ploti iliyo karibu na ziwa inaweza kuwa kavu leo na mwaka kesho pia. Lakini mkopo wetu ni wa miaka kumi na miwili, na hatukuwa tayari kulipa miaka yote hiyo tukiyatazama maji yakisogea.

Ardhi ya Nakuru kwa jumla inahitaji heshima. Jiji limekaa ndani ya Bonde la Ufa, juu ya majivu ya volkano yaliyolala kwa tabaka nene na laini, na chini ya majivu hayo kuna nyufa za miamba. Mvua kubwa ikinyesha, maji huzama, huyabeba majivu taratibu kwa chini pasipo mtu kuona, hadi siku moja ardhi ya juu inapokosa cha kuishikilia na kufunguka. Baadhi ya maeneo ya magharibi mwa jiji yameshuhudia nyufa za namna hiyo zikikata mashamba na hata nyumba. Tukumbuke pia kwamba tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la Subukia, lililokuwa na nguvu ya takriban 6.9, lilitokea karibu kabisa na hapa. Kwa sababu hiyo tulimlipa mhandisi wa ujenzi aje nasi kwenye kila nyumba tuliyoipenda kwa dhati. Alichimba shimo la kina cha kiuno kando ya msingi, akatazama kama mkanda wa zege umezunguka kuta zote, kisha akatupeleka kwa majirani kutazama kuta zao. Ufa mwembamba wa lipu hakuujali. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, tena katika nyumba tatu zilizofuatana, ulimfanya afunge daftari lake. Ada yake ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya nyumba, na kati ya fedha zote tulizotumia katika safari hii, hiyo ndiyo ninayoishukuru zaidi.

Lanet nusura tununue. Kwa mtu anayesafiri mara kwa mara kwenda Nairobi, umbali wa takriban kilomita 160, mtaa ulio upande wa mashariki kando ya barabara kuu humwokoa kupita katikati ya jiji, na tulikuta nyumba nzuri zenye nafasi ya watoto kucheza. Tatizo letu lilikuwa karatasi. Sehemu kubwa ya ardhi ya upande huo ilipitia kampuni za kununua ardhi, ambazo wanachama wake walipewa vyeti vya hisa kabla ya kupata hatimiliki, na wengine hawakuzipata kabisa. Muuzaji mmoja alitaka tulipe amana kwa cheti cha hisa na ahadi kwamba hati "iko njiani". Wakili wetu alitueleza kwa upole kwamba cheti cha hisa ni ushahidi wa uanachama, na kwamba bila hatimiliki yenye nambari ya ploti hakuna cha kufanyia sachi, yaani uchunguzi wa rekodi za umiliki, katika ofisi ya ardhi. Tuliondoka. Lanet kuna wauzaji wengi wenye hati safi, na ninayesema habari zake ni mmoja tu. Lakini anayekwenda huko aende na wakili, na aende pia na mpima ardhi wa kumwonyesha bikoni zote nne, yaani alama za mipaka ya ploti.

Sasa Kiamunyi yenyewe. Mtaa umepakana na barabara ya lami inayotoka jijini kuelekea Kabarak na Eldama Ravine, kwa hiyo matatu zinapatikana tangu alfajiri, ingawa asubuhi za siku za kazi msongamano wa kuingia mjini hula muda. Ploti nyingi ni za futi hamsini kwa mia, yaani karibu moja ya nane ya eka, na sehemu kubwa ya nyumba ni za familia moja, jambo lililotupendeza kwa sababu tulitoka katika gorofa ambamo hatukuwa tukiliona jua la mchana. Mlima wa Menengai unaonekana kutoka jikoni kwetu. Majirani wanafahamiana, mgonjwa akipelekwa hospitali usiku, kuna gari la mtu litakalowashwa.

Ukiiacha lami, njia za ndani ni za maramu. Januari na Februari vumbi jeupe huingia hadi ndani ya kabati, na Aprili njia yetu hugeuka kijito kwa sababu mitaro haikuchimbwa kufuata mteremko. Kwetu hakuna bomba la majitaka, kila nyumba ina tangi lake la choo, kwa hiyo mnunuzi apime umbali kati ya tangi hilo na kisima chochote kilicho karibu, pamoja na cha jirani. Tena kuna jaa la taka la Gioto, lililo katika miteremko ya Menengai kuelekea mtaa wa London: siku ambazo upepo unavuma kutoka huko, moshi na harufu hutufikia, na wenye pumu huteseka. Anayekuja kutazama nyumba asubuhi yenye utulivu hataligundua hilo, kwa hiyo aje zaidi ya mara moja, na mara mojawapo iwe mara tu baada ya mvua kubwa.

Nimeyaacha maji mwisho kwa sababu ndiyo yaliyotufundisha zaidi. Nyumba ya kwanza tuliyoipenda Kiamunyi ilitangazwa kuwa na maji ya kampuni, na kweli mfereji ulikuwepo uani. Tulipokuwa tunatoka, mama mmoja mzee aliyekuwa akianika mahindi kwenye ua wa pili alimwita mke wa mwenye nyumba, wakasalimiana, kisha akanigeukia na kuniambia: "Binti yangu, mfereji tunao sote. Uliza maji yalikuja lini." Nilimshukuru, nikauliza, na jibu halikupatikana. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiwauliza majirani watatu wa kila nyumba siku za mgao na ukubwa wa matangi yao. Tangi kubwa mno juu ya paa la kila mtu ni jibu tosha.

Palipo na kisima kirefu, kuna swali lingine. Maji ya ardhini katika sehemu hii ya Bonde la Ufa mara nyingi yana floridi nyingi, na kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Floridi ikizidi, meno ya mtoto ambayo bado yanaundwa ndani ya ufizi hutoka yakiwa na madoa ya kahawia yasiyosafishika, na kwa miaka mingi mifupa nayo huathirika. Kuchemsha hakusaidii, kwa kuwa maji hupungua na floridi hubaki. Tulipeleka maabara maji ya nyumba tuliyonunua, na yalikuwa juu ya kiwango hicho. Tulinunua hata hivyo, kwa sababu msingi, hati na majirani vilituridhisha, lakini tulipunguziwa bei kiasi cha kuweka matangi mawili ya lita elfu kumi na mifereji ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya mabati ni lita moja; paa letu ni la mita 120 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita kumi hutupa zaidi ya lita elfu moja hata baada ya kumwaga yale ya kwanza yenye vumbi. Hayo ndiyo tunayonywa na kupikia, baada ya kuyachemsha. Ya kisima ni ya kuoga, kufua na kunyweshea sukuma wiki.

Kuhusu gharama za sheria nitasema machache: ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani katika eneo la mji na asilimia 2 mashambani, na ploti ambayo bado imeandikishwa kama ardhi ya kilimo huhitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi. Pembezoni mwa jiji hali hutofautiana kutoka ploti moja hadi nyingine, kwa hiyo ulizeni mapema.

Kiamunyi haitamfaa mwenye mgonjwa wa kifua nyumbani, wala anayetegemea kutembea kwa miguu hadi kazini mjini. Itamfaa anayetaka ua, utulivu na mwinuko. Nyumba ya pili kutoka kwetu imewekwa kibao cha kuuzwa mwezi huu, nayo inategemea kisima. Atakayeitazama aje na chupa safi ya lita moja, aijaze mwenyewe kutoka kwenye mfereji wa jikoni, na aifikishe maabara kabla ya kutoa shilingi moja ya amana.