Kahawa ya Mikindani, stori za nyuklia unapewa bure

Jamani kama upo Mtwara mjini na jioni huna ishu, panda daladala mpaka Mikindani, kuna kijiwe cha kahawa upande wa baharini hakina hata bango. Kahawa chungu kwelikweli, birika juu ya mkaa, tangawizi unaisikia mpaka kooni. Kashata ya karanga safi, ila ya nazi nlipewa ya jana, ngumu kama tofali, nikairudisha nikabadilishiwa bila maneno. Vikombe vinasuuzwa kwenye ndoo moja tu, hapo nakata maksi.

Ila kinachonirudisha pale ni stori. Juzi redio imetaja tu Iran na nyuklia yake, ubishi ukawaka. Kuna babu mmoja alikuwa karani wa ghala la korosho, akasema nyie si mnawajua watu wa vipimo, wanakuja wanakagua mizani wanagonga lakiri, ukiikata umekwisha, basi wale IAEA wa Vienna, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, kazi yao ndo hiyohiyo, wanafunga kamera na lakiri kwenye urani, yale madini ya nyuklia, wakikuta mambo hayaeleweki bodi yao inakupeleka Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Na wenye kura ya turufu mule kina nani? Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa, walewale watano ambao mkataba wa 1968 wa kuzuia silaha za nyuklia zisisambae unawatambua kuwa na mabomu, eti kwa ahadi kwamba watakaa wajadiliane kuyaondoa, mpaka leo! India, Pakistan na Israel hazijasaini kabisa, Korea Kaskazini ikatangaza kujitoa 2003, 2006 ikalipua la majaribio. Afrika Kusini ilikuwa nayo sita, ikayavunja yenyewe, 1991 ikaingia kwenye mkataba.

Dogo wa bodaboda akadakia, "kwa hiyo babu, mwenye mizani mbovu ndo hakimu?" Kijiwe kizima hoi. Babu wala hakucheka, akasema bora huyo kuliko kila mnunuzi aje ghalani na jiwe lake la kupimia. Mimi nlikuwa upande wa dogo, na bado nipo, ila hilo jiwe nimerudi nalo nyumbani maana urani yenyewe ipo Namtumbo hapo kwa majirani zetu.

Kikombe mia mbili. Nenda na chenji, elfu kumi mzee anaiangalia tu anakurudishia, na ukichelewa magharibi benchi hupati unakunywa umesimama.