Hanesi ya ndoana mbili: nzuri, ila si kwa ghorofa ya kwanza

Ukiomba mkanda wa usalama wa kazi za juu kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo, utaletewa kimoja kati ya vitu viwili. Cha kwanza ni mkanda wa kiunoni wenye kamba moja. Urudishe. Huo kazi yake ni kumzuia fundi asifike ukingoni, si kumdaka akishaanguka. Akidakwa kiunoni, nguvu yote inaishia tumboni na kwenye uti wa mgongo, au anachomoka kichwa kikiwa chini. Cha pili ni hanesi ya mwili mzima: mikanda ya mabegani na mapajani, pete ya chuma mgongoni, na kamba ya matawi mawili yenye ndoana kubwa. Hiyo ndiyo tunayoipima hapa.

Soma lebo kabla ya kuuliza bei. Hanesi iandikwe EN 361, na kamba yenye kipunguza mshtuko EN 355; hizo ni namba za viwango vya Ulaya. Alama ya CE, ya kukidhi masharti ya Ulaya, ifuatwe na tarakimu nne, namba ya taasisi inayosimamia ubora wake. CE tupu ni ya kutilia shaka. Kisha tazama mishono. Uzi wake unapaswa kuwa na rangi inayojitenga na utepe, ili ukikatika uonekane upesi. Mishono myeusi juu ya utepe mweusi, achana nayo hata ukipunguziwa bei.

Ivae palepale dukani. Pete ikae katikati ya mabega, na kwenye mkanda wa paja kiganja kilichonyooka kipite lakini ngumi isipite. Mapaja yakilegea, siku ya kuanguka hanesi itapanda hadi shingoni.

Kipunguza mshtuko ni kile kifuko kidogo karibu na pete. Ndani yake kuna utepe uliokunjwa na kushonwa. Mtu akianguka, mishono inachanika polepole na nguvu inayoufikia mwili haizidi kilonewtoni 6, sawa na uzito wa kilo 600 hivi. Kazi hiyo inahitaji nafasi, na hapa ndipo wanunuzi wengi hujidanganya. Piga hesabu kuanzia pale ndoana iliposhika: kamba mita 2, kifuko kikifunguka chote mita 1.75, kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo mita 1.5, na akiba mita 1. Jumla mita 6.25. Slabu ya kwanza ya nyumba nyingi za Dar iko mita 3 tu kutoka chini. Fundi aliyejifunga kwenye usawa wa miguu yake pale juu atafika ardhini hanesi ikiwa bado haijamaliza kazi. Amevaa, amefunga, na bado ameumia.

Kwa urefu huo nunua kamba fupi isiyorefushwa, uifunge nyuma mbali na ukingo ili fundi asiweze kabisa kuufikia. Au weka reli za pembeni na uache habari ya hanesi. Kwa ghorofa ya tatu kwenda juu, kamba hii ya ndoana mbili inalipa: ndoana moja inashika, nyingine inahamishwa, na hakuna sekunde ambayo fundi yuko huru. Kosa la kawaida ni kuning'iniza ndoana isiyotumika kwenye pete ya chuma ya nyonga. Akianguka, nguvu inapita kwenye tawi hilo na kifuko hakifunguki. Itundike kwenye kishikizo chepesi cha kifuani kinachoachia kikivutwa.

Mahali pa kufungia pawe na uwezo wa kilonewtoni 12, yaani kama tani 1.2. Nondo ya nguzo iliyosimama wima haifai, kwani ndoana inateleza na kutoka kwa juu. Mirunda iliyofungwa kwa waya wala usiifikirie. Nguzo ya zege iliyokwisha kukomaa, ikizungushiwa utepe maalumu wa kufungia, ni bora kuliko bomba la jukwaa ambalo hujui limefungwa na nani.

Kwa hali ya hewa ya Dar, hanesi huharibiwa na vitu vitatu: jua, chumvi ya bahari kwenye bizimu na springi za ndoana, na saruji. Utepe wa poliesta haupatani na ukali wa saruji mbichi. Ioshe kwa maji na sabuni laini, uianike kivulini. Usiandike jina la fundi kwenye utepe kwa rangi au kalamu ya wino mzito. Andika kwenye lebo. Kagua kila asubuhi, na angalau mara moja kwa mwaka akague mtu mwenye ujuzi, matokeo yaandikwe.

Jambo moja muuzaji hatalitaja: aliyedakwa bado ananing'inia, na mikanda ya mapajani inabana damu isirudi moyoni. Ni suala la dakika, hivyo ngazi na watu wa kumshusha wapangwe kabla kazi haijaanza. Kusubiri zimamoto katika foleni za jijini si mpango.

Hanesi iliyowahi kumdaka mtu, hata mara moja, au kifuko kilichoanza kuchanika, hakirudi kazini. Ikate vipande kwa kisu. Ukiitupa nzima, wiki ijayo itakuwa mgongoni mwa saidia fundi wa saiti nyingine.