Indianapolis 2021: mji uliobeba timu 68, na mlango uliosahaulika

Alama natoa mapema, ili anayesoma kwa haraka asihangaike. Mji wa Indianapolis naupa nyota tano. NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani na ndilo lililoandaa mashindano yenyewe, nalipa tatu. Watu wakizungumzia mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume ya mwaka ule wa korona huwachanganya wawili hawa, kana kwamba aliyejenga nyumba na aliyegawa vyumba ni mtu mmoja. Mimi nilikuwa naishi Indianapolis, nafundisha mabinti kikapu, na tiketi nililipa kwa pesa yangu mwenyewe. Kwa hiyo nitamtathmini kila mmoja kwa kazi yake.

Katika mwaka wa kawaida timu 68 hutawanywa kwenye miji zaidi ya kumi, zikicheza mtoano, leo hapa, wiki ijayo kule, mpaka zibaki nne. Machi 12, 2020, mashindano yalifutwa kabla hata ratiba haijatoka. Mgao ambao vyuo vilitarajia kutoka NCAA, dola milioni 600, ukashuka hadi milioni 225. Mwaka wa pili bila mashindano ulikuwa hauvumiliki. Januari 4, 2021, NCAA wakatangaza kwamba mechi zote zitachezwa jimbo la Indiana, nyingi zikiwa Indianapolis, ambako nusu fainali na fainali zilikuwa zimeshapangwa tangu zamani.

Wengine walisema mji ulipewa kwa upendeleo kwa sababu makao makuu ya NCAA yako hapo hapo, tangu 1999. Sikubaliani. Nenda katikati ya mji ukatembee kwa miguu, utaelewa. Kituo cha mikutano, Indiana Convention Center, kimeunganishwa na hoteli zaidi ya kumi zenye vyumba zaidi ya 4,000 kwa madaraja ya juu yaliyoezekwa, na kwa njia ya chini ya ardhi na Lucas Oil Stadium, uwanja wa futiboli ya Kimarekani. Mchezaji anaamka hotelini, anavuka barabara akiwa juu yake, anafika mazoezini, na hajakutana na mpita njia hata mmoja. Mji gani mwingine ungeweza kulifanya hilo kwa notisi ya miezi michache? Indianapolis ilikuwa na karibu miaka 40 ya maandalizi. Michezo ya Pan American 1987, Super Bowl 2012 (fainali ya futiboli ya Kimarekani), na Final Four saba, yaani hatua ya timu nne za mwisho, kabla ya 2021. Watu wa kujitolea wanajua pa kusimama, polisi wanajua barabara za kufunga, wenye hoteli wanajua kupokea watu warefu kwa mamia.

Ndani ya kituo cha mikutano, kumbi za maonyesho ziligeuzwa kuwa viwanja 12 vya mazoezi, kila kimoja kikiwa na mapazia na muda wa kusafishwa kati ya timu na timu. Kila timu ilipewa ghorofa zake hotelini. Chakula kililetwa. Waliotaka kuota jua walipelekwa kwa zamu Victory Field, uwanja wa besiboli ulio jirani, vijana wenye urefu wa mita mbili wakirushiana mpira wa futiboli ya Kimarekani kwenye nyasi. Ukiwapita kando ya uzio uliwasikia wakicheka. Nadhani ile saa moja nje iliwasaidia kuliko kitu kingine chochote, na aliyeiwaza anastahili shukrani.

Upande wa vipimo sina lawama nyingi. Kuingia Indianapolis ulihitaji siku saba mfululizo za vipimo visivyo na maambukizi. Ukifika, unajifungia chumbani mpaka upite vipimo viwili vingine. Kisha unapimwa kila siku, na wakati wa mazoezi unavaa kifaa kidogo kinachorekodi ulikuwa karibu na nani na kwa muda gani, ili akikutwa mtu na virusi isilazimike kuifungia timu nzima. Msafara wa kila timu haukuruhusiwa kuzidi watu 34. Vipimo vilipita 26,000 na walioambukizwa hawakufika 20. Kwa mashindano yaliyokusanya vijana kutoka kila pembe ya nchi, hiyo ni kazi ya kuheshimiwa.

Nyufa zilikuwepo. Kabla mechi ya kwanza haijachezwa, waamuzi sita walirudishwa nyumbani kwa sababu mmoja wao alikutwa na virusi. Walipofika hoteli vyumba havikuwa tayari, wakaenda kula mkahawani pamoja. Yaani watu waliokuwa wamejitunza kwa wiki kadhaa walipoteza kazi ya ndoto zao kwa sababu ya vyumba kuchelewa. Na Machi 20 VCU, chuo cha Virginia Commonwealth, waliambiwa saa chache tu kabla ya mechi yao na Oregon kwamba haitachezwa, kwa kuwa baadhi yao wamekutwa na maambukizi. Oregon wakasonga mbele bila kugusa mpira. Hiyo ndiyo mechi pekee iliyopotea: kati ya 67 zilizopangwa, 66 zilichezwa. Sheria ilijulikana mapema, na timu nne za akiba zilikuwa zimesimamishwa tayari kuchukua nafasi, ila mwisho wa kuziita ulikuwa Machi 16. Kwa vijana wa VCU lakini sheria kujulikana haikupunguza kitu. Baadhi walikuwa wa mwaka wa mwisho.

Viwanja vilikuwa sita. Viwili viko nje ya mji, Mackey Arena huko West Lafayette na Assembly Hall huko Bloomington, kila kimoja mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Vinne viko Indianapolis: Lucas Oil, Bankers Life Fieldhouse ambao siku hizi unaitwa Gainbridge, Indiana Farmers Coliseum, na Hinkle Fieldhouse wa chuo cha Butler. Lucas Oil ni mkubwa mno kwa kikapu, nimesema na nitarudia. Waliweka viwanja viwili sakafuni na pazia kubwa katikati, na bado ukikaa juu mchezaji anaonekana kama kidole.

Hinkle ni habari nyingine kabisa. Jengo ni la 1928, matofali kwa chuma, na juu kwenye ncha zake kuna madirisha marefu yanayoingiza jua hadi sakafuni. Hapo ndipo mwaka 1954 Milan, shule ya kijiji kidogo, iliifunga Muncie Central 32 kwa 30 na kutwaa ubingwa wa jimbo kwa mtupo wa mwisho wa Bobby Plump. Mwenyeji wa Indiana atakusimulia hiyo mechi hata kama hukumuuliza. Nilichagua tiketi ya Hinkle kwa makusudi, Jumapili ya Machi 28, vyuo vya Alabama na UCLA (cha Los Angeles), wakiwania kuingia nane bora. Nilikwenda na mdogo wangu.

Huduma ya mlangoni ilikuwa ya haraka na ya adabu. Tiketi kwenye simu, barakoa usoni, mishale sakafuni. Kila kundi lililonunua pamoja lilikaa pamoja, na kati yake na kundi jingine safu za viti zimefungwa. Idadi ya juu ilikuwa robo ya uwezo wa ukumbi. Mama mmoja mwenye fulana ya kujitolea alipita kila baada ya dakika chache akionyesha pua kwa kidole: barakoa ipande. Hakumwonea mtu haya, na hakumdhalilisha mtu. Laiti kila mahali pangekuwa na mama kama yule.

Na kikapu! Watu wakiwa wachache unasikia mpira. Unasikia viatu vikilia, mchezaji akimwita mwenzake "skrini kushoto," na kocha Mick Cronin wa UCLA akifoka mpaka sauti inakwaruza. Kwa mwalimu kama mimi ile ilikuwa darasa. UCLA walikuwa wameanzia mechi za awali, zile za timu zinazogombea nafasi ya mwisho kuingia, na walipita pale kwa kuifunga Michigan State katika muda wa nyongeza. Jioni ile walizuia kama watu wasiotaka kurudi nyumbani. Alabama walipata mitupo huru 25 na kufunga 11 tu. Mabinti zangu wanaijua hiyo namba kwa moyo, kwa sababu huwa naitaja kila mazoezi yanapoishia kwenye mstari wa mitupo huru. Zikiwa zimebaki sekunde chache UCLA wanaongoza kwa pointi tatu, Alex Reese akarusha kutoka mbali, kengele ikalia mpira ukiwa hewani, ukaingia. 65 kwa 65. Watu wachache wale walipiga kelele ambazo sikutegemea robo ya ukumbi inaweza kuzitoa. Wakati mechi inaanza jua lilikuwa bado kwenye madirisha. Muda wa nyongeza ulipofika nje kulishakuwa giza. UCLA wakamaliza kazi, 88 kwa 78.

Sasa zile nyota mbili nilizoinyima NCAA.

Ulinzi wote niliousifu ulikuwa wa wachezaji na msafara wao. Shabiki alilindwa kuanzia mlango wa ukumbi hadi kiti chake, basi. Hakupimwa, hakuulizwa ametoka wapi, na akishatoka alikuwa wa mtaani. Tulipotoka Hinkle tulipita katikati ya mji. Baa moja ilijaa hadi barazani, watu wakiimbiana usoni bila barakoa, wengi wakiwa wamevaa rangi za timu zilizosafiri. Mashabiki wale walikuwa wameletwa na tiketi zilizouzwa. Huwezi kuuza tiketi kwa watu wa majimbo yote, wakati chanjo ndiyo kwanza inaanza kuwafikia vijana, kisha ukahesabu kazi yako imekwisha mtu anapovuka mlango wa ukumbi. Mashindano yakiwa katikati, gavana Eric Holcomb akatangaza kwamba amri ya barakoa ya jimbo itakoma Aprili 6, siku moja tu baada ya fainali. Meya wa Indianapolis na idara ya afya ya kaunti waliendelea nayo mjini, na hilo ni sababu mojawapo ya mimi kuupa mji nyota zote.

Aprili 2 zilikuja habari kwamba mwanafunzi wa Alabama mwenye miaka 23, shabiki aliyejulikana na kila aliyefuatilia timu ile na ambaye alikuwa ameifuata hadi Indianapolis, amefariki kwa matatizo yatokanayo na korona. Sisemi aliambukizwa Hinkle, wala sisemi aliambukizwa Indianapolis. Nasema pesa ya mashindano haya hutoka kwenye televisheni, mamia ya milioni ya dola, na robo ya viti haikuwa ya lazima. Mimi niliyefurahia kile kiti nasema hivyo.

Nyota ya pili iko San Antonio, jimbo la Texas. Wanawake nao walikuwa na mashindano yao yaliyokusanywa eneo moja, timu 64, wiki zile zile, shirika lile lile. Machi 18 Sedona Prince, mchezaji wa Oregon, aliweka mtandaoni video inayoonyesha chumba chao cha mazoezi: rafu moja ndogo ya vyuma na ukumbi mtupu. Wanaume Indianapolis walikuwa na ukumbi uliojaa vifaa. Waandaaji walisema ni shida ya nafasi. Yeye akageuza simu, nafasi tele. Ndani ya siku chache vifaa vikaletwa, kumbe vilikuwepo. Hata vipimo vilitofautiana. Wanaume walipimwa kila siku kwa PCR, wanawake kwa kipimo cha haraka cha antijeni, ambacho hukosea zaidi. Nilikuwa nawaonyesha mabinti zangu viwanja 12 vya mazoezi vya Indianapolis ili waone kikapu kinavyoheshimiwa, kisha mmoja akaniletea simu yenye ile video na kuniuliza sisi tungewekwa wapi. Nilimjibu: San Antonio.

Hata jina lilikuwa la wanaume peke yao. Nembo ya March Madness, jina maarufu la mashindano haya, haikuruhusiwa kwenye sakafu ya wanawake. Stanford walichukua ubingwa kwa pointi moja, 54 kwa 53 dhidi ya Arizona, fainali ya kukata pumzi, huku Indianapolis, kwenye fainali ya wanaume, Baylor wakiwanyanyasa Gonzaga, ambao hawakuwa wamefungwa msimu mzima, 86 kwa 70. Mwaka uliofuata, 2022, wanawake wakapewa timu 68 na jina la March Madness, baada ya uchunguzi na makelele mengi. Mabinti zangu walitazama fainali ile ya Stanford wakiwa wamekaa sakafuni, na mechi ilipoisha waliniomba funguo za uwanja.