Langmeil ya Barossa: waini nyekundu ya mizabibu ya tangu 1843

Kwa mlioko Adelaide, Australia, au mnaokuja kusalimia ndugu huku, kama unapenda waini nyekundu nenda Langmeil. Iko Tanunda, bonde la Barossa, saa moja na kidogo kwa gari. Viwanda vya waini Barossa viko kila kona, tena vikubwa kuliko hawa, ila Langmeil wana shamba ambalo mfano wake duniani ni wa kutafuta kwa tochi.

Shamba lenyewe wanaliita Freedom, ekari chache tu za Shiraz, aina ya zabibu nyeusi za waini, zilizopandwa 1843 na fundi chuma mmoja, Christian Auricht, Mlutheri aliyekimbia Prussia, dola ya Wajerumani enzi hizo, sababu ya kubanwa kwenye dini, ndo jina likatokea hapo. Na ni mashina yaleyale jamani, sio kwamba yaling'olewa yakapandwa mengine. Ukiyaona ni manene, yamejikunja, magome yanachanika nyuzinyuzi, halafu juu kuna vitawi vya kijani kabisa vinatoka kama vya mche wa juzi. Ulaya mizabibu mingi ya umri huo ilimalizwa na filoksera, kale kadudu kanakokula mizizi, ila South Australia hakajaingia mpaka leo ndo maana mashamba mengi yana mabango ya kukataza mtu kuingia hovyo na viatu vyake. Halafu miaka ya 1980 serikali ikawa inawalipa wakulima wang'oe mizabibu maana zabibu zilikuwa nyingi kuliko soko, mizee mingi ikaenda hivyo, inauma sana.

Kilichonifanya niwaheshimu hawa watu ni Orphan Bank. Kulikuwa na mizabibu ya karne ya 19 sehemu inayotaka kujengwa nyumba, wakaing'oa na mizizi yake mwaka 2006 wakaihamishia kwao kwenye ukingo wa mto North Para, mizabibu ya zaidi ya miaka mia inahamishwa na inashika! Hapo ndo unajua wanaijali kweli, sio maneno ya kwenye lebo tu.

Sasa waini. Freedom ni nzito, nyeusi inaelekea zambarau, inanukia matunda meusi yaliyoiva sana na pilipili manga kwa mbali, ila ukimeza haikwaruzi, inateleza na ladha inabaki mdomoni muda mrefu. Ni zaidi ya dola 100 za Australia kwa chupa, ghali ndiyo, na kwangu inastahili, maana mzabibu mzee unazaa kidogo na kuutunza ni kazi ya mikono. Orphan Bank ni nafuu kiasi na ndo ninayoipenda zaidi, ina uchachu kidogo unaoiamsha, ukiwa na mbuzi wa kuchoma mezani hutaki kingine. Kama mfuko umebana chukua Valley Floor, ni waini ya kila siku, nzuri tu, ila usiilinganishe na hizo mbili.

Kwetu Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mkulima akiona mavuno yameshuka anawaza kung'oa, na simlaumu hata kidogo maana anauza kwa kilo, umri wa shina haumwongezei hata senti. Barossa tangu 2009 wana utaratibu wa kuipa mizabibu madaraja kwa umri, miaka 35, 70, 100 na 125, mnunuzi anajua analipia nini na mkulima anapata sababu ya kuuacha mzabibu uzeeke. Wadau wa zabibu nyumbani naomba mliangalie hili mapema, kabla mashina yetu ya zamani hayajaisha.

Mkienda muwe na dereva asiyeonja kabisa, hizi waini zinafika asilimia 14 na zaidi. Pigeni simu kwanza muulize kama mnaweza kutembezwa shambani, na mkiwa pale ombeni waanze na Valley Floor halafu wapande, tofauti mtaisikia wenyewe kwenye ulimi.